Shangazi, huyu samaki namponya au namuua?

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mlinzi kwenye jengo la ofisi hapa Dar es Salaam. Kampuni moja ilihama ikaacha tangi la samaki mapokezi, maji yamekuwa ya kijani. Samaki walikuwa wanne, watatu nikawakuta wameshakufa. Mwenye jengo akaniambia chukua. Yule aliyebaki hai nikamtia kwenye ndoo, nikapanda naye daladala mpaka Tabata, tangi nikalifuata baadaye. Ni wale wa rangi ya chungwa, na binti yangu wa miaka saba amemwita hivyohivyo, Chungwa. Tangi linaingia lita 60 hivi.

Najitahidi, Shangazi. Kila asubuhi nikitoka lindo namwaga maji yote, nasugua tangi, kokoto na sponji la filta kwa sabuni, najaza maji ya bomba. Nampa mkate asubuhi na jioni apate nguvu. Juzi nilifungua kapsuli ya tetra nikamwagia unga wake. Lakini anazidi kuwa hoi: mapezi yamechanika nchani na yana mishipa myekundu, anashinda juu ya maji akihema, usiku analala chini. Mke wangu anasema mahali pa samaki ni kwenye kikaango. Binti akitoka shule swali la kwanza ni Chungwa amepona? Niendelee kuhangaika au nimwache afe?

Mlinzi, Tabata.

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeirudia mara ya pili kwa sababu ya hiyo sabuni.

Nisikuzungushe. Chungwa anaumwa na maji kabla ya kuumwa na kitu kingine chochote, na maji hayo unayaharibu wewe kila asubuhi, kwa moyo mweupe kabisa.

Uchafu mwingi wa samaki hautoki huko unakodhani. Unatoka kwenye mashavu, nao ni amonia, ileile inayokuchoma pua ukiingia choo cha stendi. Mtoni maji yanaipeleka mbali. Ndani ya lita 60 inabaki palepale, naye anaivuta tena. Inamuunguza mashavu, ndiyo maana anahema. Inamuunguza ngozi, na hiyo mishipa myekundu huenda imetokana nayo. Kinachomwokoa samaki wa tangini ni bakteria wanaojijenga kwenye sponji na kokoto. Wapo wanaogeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, na wapo wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia isipozidi. Kwenye tangi jipya huchukua wiki nne hadi sita, wakati mwingine zaidi, mpaka watoshe. Sponji lile la mapokezi, pamoja na ubovu wa maji yake, huenda lilikuwa nao tele. Ukawafua.

Klorini ya bomba nayo haikuwahurumia waliosalia. Imewekwa ili wewe na mwanao msiugue tumbo, kwa hiyo usiilaumu, ila Chungwa inamuunguza. Kuanzia leo jioni teka maji kwenye ndoo, yaache wazi mpaka kesho muda kama huo, ndipo uyatumie. Ipo aina nyingine ya klorini, kloramini, isiyotoka kwa kusubiri. Wauza samaki wa mapambo wana matone ya kuiondoa, na kichupa kimoja kinakaa muda mrefu.

Sasa tangi. Suuza mara moja ya mwisho mpaka uhakikishe halina utelezi wa sabuni, jaza maji yaliyolala, kisha mikono mbali. Kila siku toa robo tu, lita 15, urudishe maji yaliyolala yenye joto lilelile; tumbukiza kiganja huku na huku ulinganishe. Sponji likijaa uchafu, likamue ndani ya hayo maji uliyoyatoa, basi. Maji yakianza kuwa na ukungu kidogo wiki ya kwanza usishtuke ukarudi kwenye brashi.

Halafu chumvi, hii ya jikoni. Kijiko cha chai cha kusawazisha kwa kila lita tano, kwa hiyo tangi lako ni vijiko kumi na viwili, uviyeyushe pembeni na kuvitia kidogokidogo kwa siku mbili. Haiponyi kila kitu kama wengi wanavyodai. Kazi yake hapa ni kwamba kloridi ya chumvi inagombea mlango na nitriti kwenye mashavu, sumu ikaingia kidogo. Chumvi haivukizwi na jua, kwa hiyo usiongeze kila siku. Rudishia tu ile iliyotoka na zile lita 15, yaani vijiko vitatu.

Mkate acha. Samaki huyu hana tumbo la kuhifadhi chakula kama wewe, ana utumbo tu, na anachobakiza kinaoza kuwa amonia ileile. Mnyime siku tatu. Hatakufa na njaa, na binti mwambie ni amri ya daktari. Siku ya nne chemsha njegere, menya ganda, mpe vipande vya punje moja. Tetra nayo usirudie: maji yenye chokaa yanaifunga isifanye kazi, na kumwagia dozi ya kukisia ni kuwafundisha vijidudu ukaidi.

Kuna jambo halimo kwenye barua yako: hewa. Samaki huyu asili yake ni China, anapenda maji ya nyuzi 18 hadi 24. Sebuleni kwako Tabata maji yanafika 30, na kwa joto hilo lita moja inabeba miligramu 7.5 tu za oksijeni, wakati kwenye nyuzi 20 ingebeba 9. Amonia nayo inakuwa kali zaidi maji yakiwa ya moto. Kama tangi liko dirishani liondoe, tafuta pampu ndogo ya hewa. Umeme ukikatika, chota kikombe cha maji ya tangi ukimimine tena kutoka juu, mara nyingi, mtoto anaweza kuifanya kazi hiyo vizuri kuliko wewe.

Utajuaje anapona? Ataanza kushuka katikati ya tangi na kufungua pezi la mgongoni. Pindo la pezi likianza kuota kitambaa chembamba cheupe chenye kupenyeza mwanga, hilo ni pezi jipya. Lakini akivimba tumbo na magamba yakasimama kama ganda la nanasi, huenda figo zimeshindwa, na wachache sana hurudi kutoka hapo. Hapo usimwache ahangaike siku tano. Nunua mafuta ya karafuu, haya ya Unguja na Pemba. Yanalaza samaki usingizi. Tikisa matone machache kwenye chupa ndogo ya maji ya uvuguvugu mpaka yawe kama maziwa, mimina polepole kwenye beseni la maji yake. Akishalala ubavu, ongeza mengi zaidi, umwache humo nusu saa baada ya mashavu kutulia. Usimmwage mtoni, akiwa hai wala akiwa amekufa. Na binti usimwambie Chungwa amesafiri, wala usimletee mwingine wa rangi hiyohiyo kimyakimya. Watoto wa miaka saba wanahesabu madoa.

Mkeo sijamsikia akikosea. Anaona lita 60 zikimwagwa kila asubuhi, na asubuhi hizo ndizo za wewe kulala. Ukianza kumwaga lita 15 badala ya 60 ataliona kabla hujamweleza. Ila maji hayo yenye chumvi usimmwagie mchicha wake. Ukishaacha kurudishia chumvi nayo ikaisha tangini, baada ya wiki kadhaa, mpe; yana mbolea.

Ukiniandikia tena, nieleze mapezi yakoje na maji yakoje. Habari za kikaango niachie mwenyewe.