Mzee Akikosa wa Kumtunza, Nani Anadaiwa?

Vijana wa Njombe wengi wako Dar es Salaam, Mbeya na Tunduma. Nyumbani wamebaki wazee, miti, viazi na wajukuu. Mkoa huu ndio ulioongoza nchi kwa maambukizi ya VVU katika utafiti wa 2022/23, asilimia 12.7 ya watu wazima, na bibi aliyezika wanawe kisha akaanza kulea upya si mgeni kwa yeyote hapa. Akishindwa kuinuka kitandani, sheria inasemaje?

Inasema kidogo kuliko tunavyodhani. Ibara ya 11 ya Katiba inataja haki ya kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, lakini ibara ya 7(2) inazuia mahakama kuyatilia nguvu masharti ya sehemu ya Katiba iliyo na ibara hiyo. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inaahidi matibabu bila malipo kwa wasiojiweza wenye miaka 60 na kuendelea. Ila sera si sheria, na matibabu si mtu wa kukuogesha. Zanzibar wametutangulia: wana sheria ya wazee tangu 2020, na tangu 2016 mwenye miaka 70 hupata pensheni ya kila mwezi hata kama maisha yake yote alikuwa mkulima au mvuvi.

Huku Bara, shika karatasi. Anza kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa au kijiji, upate barua ya kwenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, Njombe au Makambako, uombe kitambulisho cha matibabu. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi, kisha mwandikie mkurugenzi. Msamaha huo wa malipo ni wa vituo vya Serikali. Hospitali ya dini iulize kabla ya kulazwa.

Na watoto? Kanuni ya Adhabu humbana aliye na mzee mikononi mwake akamnyima mahitaji ya lazima. Ajabu yake, binti anayemlisha ndiye wa kwanza kuguswa. Kaka aliyeko Tunduma asiyetuma hata shilingi si rahisi kumpata.

Kumtunza mzee hakukupi shamba lake wala miti yake. Nawe mzee, ukiletewa karatasi uweke dole gumba, usiweke kabla hujasomewa na mtu asiye na maslahi. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 huwahudumia wasio na uwezo bure. Ofisi ya ustawi wa jamii itakuelekeza kwao.