Udongo Hautupwi: Kudhibiti Vithiripi Bandani Kolwezi

Kwenye vitalu nyumba vya wenye mtaji, udongo ukishaingia wadudu jibu ni jepesi: unachomwa kwa mvuke, au unatupwa na kuletwa mwingine. Kolwezi, mji wa migodi wa Kongo, jibu hilo halifai. Anayepanda mboga chini ya paa la plastiki nyuma ya nyumba, kwenye magunia, masanduku ya mbao au matuta yaliyozungushiwa tofali, amefanya hivyo kwa sababu haamini udongo wa uwanja wake. Ana haki. Mji umekalia shaba na kobalti. Katika mtaa wa Kasulo watu walianza kuchimba madini chini ya nyumba zao wenyewe mwaka 2014, na utafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven uliochapishwa 2018 ulikuta kobalti kwenye vumbi la majumbani na kwenye mkojo wa wakazi, watoto wakizidi wakubwa. Udongo safi inabidi uletwe kutoka mbali, gunia kwa gunia, na hiyo ni pesa na jasho.

Udongo wa namna hiyo hutunzwa miaka. Ndipo kilimo cha kutolima kinapopata maana: hupindui udongo, mazao yakiisha unakata shina na kuacha mizizi ioze humo humo, juu unaongeza mboji na kutandaza nyasi kavu. Kila msimu udongo unazidi kunona. Taabu ni kwamba kithiripi naye anaupenda mpangilio huo.

Kithiripi ni mdudu mwembamba wa milimita 1 hivi. Jike hupasua ngozi ya jani na kuchomeka mayai ndani yake. Watoto wakitoka hukwangua na kunyonya jani, wakijificha kwenye koo la kitunguu au ndani ya ua la pilipili. Wakishiba, wengi wao hudondoka chini, hujipenyeza kwenye matandazo au sentimita chache za udongo wa juu, hulala humo bila kula, kisha hutoka wakiwa na mabawa. Kwenye joto la Septemba na Oktoba mzunguko mzima huchukua kama wiki 2. Baridi ya Juni na Julai huurefusha sana, na hapo ndipo watu hudanganyika kwamba banda lao ni safi.

Kwa hiyo wakati wowote unaposhika bomba la kupulizia, sehemu ya jeshi imo ndani ya majani, sehemu nyingine imo chini ya nyasi, na dawa yako inawapata waliobaki tu. Mwenye shamba la wazi husaidiwa na mvua kubwa za Novemba hadi Machi, zinazowapukuta na kuwazamisha. Bandani mvua haiingii. Vita vya bandani lazima vipiganwe chini pia, bila kuchimbua.

Anza kwa kuona. Chukua karatasi nyeupe, ishike chini ya jani, gonga jani mara tatu kwa kidole. Subiri kidogo. Vumbi litatulia, vitakavyoanza kutembea, vyembamba, vya rangi ya njano iliyopauka, ndio watoto wa vithiripi. Kwenye kitunguu, tenganisha majani ya katikati kwa vidole gumba viwili na uchungulie hadi chini kabisa. Jani lililoshambuliwa lina mabaka ya rangi ya fedha, na juu ya mabaka hayo vidoa vidogo vyeusi ambavyo ni kinyesi chao. Mabaka bila vidoa, tafuta sababu nyingine. Fanya hivi kila wiki, mimea ileile, na uandike idadi hata ukutani kwa mkaa. Idadi inayopanda wiki hadi wiki ndiyo inayokuambia uharakishe.

Mitego ya rangi ni rahisi kuitengeneza. Kata bidoni kuukuu la bluu vipande vya ukubwa wa kiganja, paka grisi au vaselini, ning'iniza usawa wa vilele vya mimea na vingine karibu na matandazo, kwa sababu wanaotoka kulala wanaanzia huko. Bluu huwavuta vithiripi. Njano huwavuta inzi weupe na vidukari, na bidoni la njano halikosekani mji huu. (Na kama umetoka kazini na ovaroli ya bluu, ivue kabla ya kuingia, maana huwabeba wadudu kutoka nje bila wewe kujua.) Mitego hukupa habari na kupunguza idadi kidogo, lakini haimalizi.

Sasa chini. Utitiri wawindaji, mbawakawa wadogo na kuvu wanaowaambukiza wadudu magonjwa, wote huishi kwenye majani yanayooza, na kwao kithiripi aliyelala ni chakula. Wakulima wa maua wa Naivasha, Kenya, hununua utitiri wawindaji kwenye pakiti. Kuvu nao wanauzwa: taasisi ya icipe ya Nairobi ilichagua aina ya Metarhizium iitwayo ICIPE 69, ambayo huua vithiripi, na kampuni ya Real IPM ya Thika ikaitengeneza kuwa bidhaa. Ukiweza kuipata kwa njia halali, vizuri. Usipoweza, nenda miombo. Tafuta mahali mbali na migodi na barabara ya malori, ondoa majani makavu ya juu, na chukua kapu moja la tabaka la pili, lile lenye unyevu na harufu ya uyoga. Angalia lisiwe na mchwa wala siafu. Lisambaze juu ya kitanda cha mboga, yaani tuta, sanduku au gunia lako, kisha funika kwa nyasi unene wa vidole vinne. Wageni hawa hawatakaa kama kitanda kinakauka kabisa kila wiki, wala kama unawamwagia kila sumu iliyopo.

Unyevu nao una kipimo. Ukizidisha maji vitazaliwa vijinzi vyeusi vinavyoruka ukigusa matandazo, ambavyo watoto wao hutafuna mizizi michanga. Inua nyasi: udongo wa chini uwe na ubaridi na ushikamane ukiufinya, bila maji kuchuruzika. Mwagilia asubuhi, na mara mbili kwa wiki rusha maji kwa nguvu juu ya majani yenyewe, ukiigiza mvua; ikiwa asubuhi, majani yatawahi kukauka kabla ya usiku. Maji yasiwe ya mto uliopita migodini. Mito ya Luilu na Musonoi inapita kwenye ukanda huo, na hakuna haja ya kuleta udongo safi kutoka mbali kisha kuunywesha maji ya huko. Maji ya mvua yaliyovunwa masika ni dhahabu ya kiangazi.

Sabuni inafanya kazi ukiitumia kwa subira. Kwangua sabuni ya kipande, gramu 10 kwa lita 1 ya maji ya uvuguvugu, ikoroge hadi iyeyuke yote. Usitumie sabuni ya unga ya kufulia, inaunguza majani. Maji yakiwa magumu, sabuni huganda kama maziwa yaliyochacha; hapo tumia maji ya mvua. Jaribu kwanza kwenye majani mawili, ngoja siku moja. Pulizia jioni, chini ya majani na ndani ya koo la kitunguu, maana sabuni humuua yule tu iliyemgusa. Rudia baada ya siku 5, na tena baada ya siku 5, ili kuwapata waliokuwa mayai mara ya kwanza. Anayepulizia mara moja na kusema sabuni haifai, hajaijaribu.

Wengi watakuambia habari za utupa, ule mti ambao wavuvi huuponda kulewesha samaki. Unasaidia, hasa kwa vidukari. Kausha majani kivulini, saga, loweka gramu 50 kwa lita 1 ya maji yenye sabuni kidogo usiku kucha, chuja. Lakini si kila utupa una sumu: miti inafanana kwa macho na mingine haina kitu ndani, basi jaribu kwenye tawi moja lenye vidukari kabla ya kujaza bomba. Wenye sumu huua samaki kweli, kwa hiyo usioshee vyombo kijitoni, na usiutumie mboga zikiwa karibu kuvunwa.

Kuna kitu kimoja ambacho ningekikataza kabisa hapa: mrututu. Kilimo hai kinauruhusu kwa magonjwa ya ukungu, na wapo wanaoutia kwenye kila mchanganyiko wakidhani utaua na wadudu. Hauwaui vithiripi. Shaba yake inabaki udongoni, haiozi. Umoja wa Ulaya umewawekea wakulima wake kikomo cha kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka 7, nao hawaishi juu ya mgodi. Kukimbia shaba ya uwanjani kisha kuinunua dukani na kuimwaga kwenye gunia ni kichekesho.

Utitiri mwekundu, unaofuma utando chini ya majani ya bilinganya na nyanya, ni mtoto wa vumbi. Vumbi likifunika majani, wawindaji wake hawawezi kufanya kazi. Banda lililo kando ya barabara ya malori linahitaji ukuta wa matete au ua wa miti upande wa upepo, na majani kuoshwa. Chandarua huzuia nondo na panzi. Kithiripi hupita matundu yake bila kuinamisha kichwa. Chandarua kilichotiwa dawa kisitumike, kinaua na marafiki. Punguza pia mbolea ya kinyesi cha kuku: majani manene laini yenye kijani kilichokolea mno ndiyo wadudu huyakimbilia.

Miche iliyonunuliwa sokoni ikae nje ya banda wiki 2, ikigongwa juu ya karatasi, kabla ya kuingia. Na mazao yaliyoshambuliwa yakiisha, usiyageuze matandazo. Kata shina usawa wa udongo, funga majani yote kwenye mfuko mweusi, uache juani wiki 2. Kitanda kibaki kimefunikwa kwa nyasi na kumwagiliwa maji, bila mmea wowote, hata gugu, kwa wiki 3, mitego ya bluu ikiwa chini kabisa. Wanaotoka kulala watakosa chakula na kunasa, huku wawindaji wako wakiendelea na kazi yao. Fanya pumziko hilo Agosti, kabla joto halijaja, ndipo vitunguu vipya viingie Septemba.