SOMO LA UFUNDI: BWATI INAYOFUNGA, JE, NDIYO INAYOFAA?



Likizo ya Pasaka sisi watatu wa mwaka wa sita tulipanda kamyo hapa Uvira kwenda Bukavu. Tulikaa juu ya magunia ya muhogo, pamoja na mama mmoja na watoto wake wawili. Kwenye tambarare ya Ruzizi, Sange na Luvungi, kamyo ilikimbia vizuri, hata tukaimba. Tulipopita Kamanyola na kuanza kupanda Ngomo, mambo yakageuka. Shoferi akarudisha vitesi mpaka ya kwanza. Motere ikalia, ikazidi kulegea, ikazima. Kamyo ikaanza kurudi nyuma, na freni zilishika kidogo tu. Konvwayeri akaruka chini, akatupa jiwe nyuma ya gurudumu, halafu jiwe la pili. Ikasimama. Upande mmoja tuliona bonde. Hakuna aliyeimba tena.

Tukamuuliza shoferi shida ni nini. Akajibu: "Batoto, motere iko nzima kabisa. Ni bwati ndiyo haiko yake."

Kamyo ile ilizaliwa na motere ya esansi. Mwenyewe alipoona motere imekufa, aliweka motere ya mazutu, OM 352 ya Mercedes-Benz. Wengi wanaijua: silinda 6, lita 5.7, nguvu ya farasi karibu 130, ile iliyokuwa katika Benz za pua kama 911 na 1113 tangu miaka ya 1960. Motere nzuri. Lakini bwati ya vitesi ilitoka katika kamyonete, kwa sababu ndiyo iliyopatikana kwa bei nafuu. Walikata bamba la chuma, wakatoboa matundu, buloni zikaingia. Wakasema: "Inafunga, basi."

Tuliporudi, tulimwendea fundi mmoja mzee hapa mjini, mtaa wa Mulongwe, tukamwomba atufundishe. Alitupokea kama wajukuu wake. Haya ndiyo aliyotuonyesha, nasi tukayapima tena kwa hesabu zetu za fizika.

1. KLOSHI NA SENTA

Kloshi ni ile nyumba ya chuma inayounganisha motere na bwati. Kwa motere kubwa kuna vipimo vya SAE vinavyotumika na viwanda vingi: SAE 3 ina tundu la milimita 409.6, SAE 2 ina milimita 447.7, SAE 1 ina milimita 511.2. Motere na bwati zenye namba moja zinaweza kukutana bila shida. Lakini viwanda vingi vilijitengenezea mpangilio wao wa buloni, na hapo ndipo mafundi wanapotumia bamba la kati.

Bamba siyo kosa. Kosa ni kulitoboa kwa macho. Mhimili wa motere na fimbo ya kuingilia ya bwati lazima viwe kwenye mstari mmoja. Kwa kamyo kubwa, ukizungusha saa ya kupimia ndani ya tundu la kloshi, mshale usitembee kupita milimita 0.2 hivi. Ukizidi hapo, fimbo inazunguka ikipinda, diski inapasuka katikati, na vitesi inaruka yenyewe njiani.

2. FIMBO YA KUINGILIA

Ncha ya fimbo hii inakaa ndani ya rulema ndogo iliyo mwisho wa mhimili wa motere. Pima mambo matatu: unene wa ncha, urefu wa fimbo, na hesabu ya meno yake. Ikiwa fupi, ncha haifiki kwenye rulema, nayo inacheza. Ikiwa ndefu, inagonga chuma cha motere, na ukifunga buloni kwa nguvu unasukuma mhimili na kuharibu vilivyo ndani. Fundi alisema: "Kama kloshi haijakaa yenyewe kwa mikono, usiivute kwa buloni. Ondoa, pima tena."

3. DISKI YA AMBREYAJI

Diski ina ndoa mbili. Ukingo wake lazima ulingane na volani ya motere (lile gurudumu zito la nyuma), na tundu lake la kati lazima lilingane na meno ya fimbo ya bwati. Kwa hiyo mara nyingi hutafutwa diski yenye upana wa motere na tundu la bwati. Usisahau rulema ya kusukuma ambreyaji: nayo lazima ifike mahali pake, isikae mbali wala kugusa kila saa.

4. NGUVU AMBAYO BWATI INABEBA

Kila bwati ilitengenezwa kwa nguvu fulani ya kuzungusha. OM 352 inatoa karibu Nyutoni-mita 350. Bwati ya gari dogo iliyozoea nusu ya hapo itatembea, ndiyo, lakini meno yake yatakatika siku moja. Na siku hiyo kawaida ni siku ya mzigo, kwenye mlima.

5. HESABU YA VITESI

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa sababu hapaonekani kwa macho. Tufanye mfano. Kamyo na mzigo ni tani 10. Ponti ya nyuma inagawa kwa 6. Gurudumu likizunguka mara moja linakwenda mita 3, maana yake nusu-kipenyo chake ni karibu mita 0.48.

Bwati A, ya kamyo: vitesi ya kwanza inagawa kwa 7. Jumla: 7 × 6 = 42.
Bwati B, ya kamyonete: ya kwanza inagawa kwa 3.5. Jumla: 3.5 × 6 = 21.

Mlima unaopanda mita 10 kwa kila mita 100 unavuta kamyo hiyo nyuma kwa Nyutoni 10,000 hivi. Njia ya matope tuihesabie Nyutoni 4,000. Jumla 14,000. Zidisha kwa 0.48: magurudumu yanahitaji Nyutoni-mita 6,720.

Bwati A inatoa 350 × 42 = 14,700. Toa kumi kwa mia zinazopotea katika meno na rulema: 13,230. Inapanda, na inabaki na akiba.
Bwati B inatoa 350 × 21 = 7,350. Toa kumi kwa mia: 6,615. Haitoshi! Motere inazima, kama tulivyoona.

Sasa kushuka. OM 352 mwisho wake ni mizunguko 2,800 kwa dakika. Katika ya kwanza, bwati A kwa mizunguko hiyo inakwenda kilomita 12 kwa saa. Bwati B inakwenda kilomita 24, na motere inazuia kwa nusu ya nguvu tu. Kazi yote iliyobaki inaangukia freni, zinapata moto, zinaacha kushika. Tukumbuke kwamba Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya bahari, na Ziwa Kivu karibu mita 1,460. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo kamyo inaipanda na kuishuka pale juu ya Kamanyola.

MAMBO MAWILI YANAYOSAHAULIWA

Freni: magari mengi ya esansi yana kisaidizi cha freni kinachotumia uvutaji wa hewa wa motere. Motere za mazutu kama OM 352 hazina uvutaji huo. Lazima iongezwe pampu ya kuvuta hewa, la sivyo mguu wa shoferi unabaki peke yake. Pale Ngomo ndiyo sababu freni zilishika kidogo.

Kardani: bwati ikiwa ndefu au fupi kuliko ya zamani, kardani nayo ikatwe au iongezwe kwa kipimo, kisha isawazishwe. Ikitetemeka, itaua rulema ya nyuma ya bwati.

NENO LA MWISHO

Tulimuuliza fundi kama basi ni vibaya kuchanganya motere na bwati za magari mbalimbali. Akacheka. "Hapa kwetu, nani atangoja pyesi ya kiwanda? Mimi nimechanganya tangu ujana wangu. Lakini sichanganyi kabla ya kupima, na mwenye gari akikataa nipime, namurudishia pesa yake."

Hilo la pesa tulilifikiria sana. Baadhi yetu hapa tutakuwa mafundi, wengine wafanyabiashara wenye kamyo, na wote tutakuwa wasafiri. Mwenye kamyo ile alipata nafuu alipochagua bwati ya bei ndogo. Waliokuwa karibu kuilipia tofauti ni yule mama na watoto wake, ambao hawakujua hata bwati ni nini. Anayejua hesabu anapima pia kwa ajili ya asiyejua.

ZOEZI

Bwati C: ya kwanza inagawa kwa 5. Ponti, gurudumu, mzigo na motere ni vile vile. (a) Je, itapanda mlima wetu? (b) Itashuka kwa kilomita ngapi kwa saa kwa mizunguko 2,800? Fanya kwanza, ndipo usome majibu.

Majibu: (a) 350 × 30 = 10,500; toa kumi kwa mia, 9,450. Inapanda. (b) Kilomita 16.8.

Kwa niaba ya mafinalisti,
Mkuu wa wanafunzi