OKSIJENI NI DAWA, NAYO INA KIPIMO



Wengi wetu tunaujua mtungi wa oksijeni wa karakana, ule wa kuchomelea vyuma. Fundi hafungui ovyo, hutazama geji. Oksijeni ikizidi, moto huunguza chuma; ikipungua, moto hutoa masizi. Leo tujifunze jambo kama hilo hospitalini, kwa mgonjwa ambaye moyo wake ulisimama ukarudi.

1. Mikono kwanza

Moyo ukisimama, damu haitembei, na ubongo huanza kuharibika baada ya dakika chache. Mwenzetu akianguka, hazinduki wala hapumui sawasawa, tuite msaada na kuanza hapo hapo. Tukandamize katikati ya kifua kwa nguvu, sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, tukikiacha kifua kiinuke kila mara. Tusipofanya hivyo, mashine ya hospitali haitakuwa na wa kumwokoa.

2. Moyo ukisharudi

Mara nyingi mgonjwa bado hajitambui. Huwekewa mpira kooni na mashine humpumulia. Kwa watu wa makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, chumba cha wagonjwa mahututi kiko mbali, katika Hospitali ya Rufaa ya Mbarara. Njiani anategemea mtungi. Tupige hesabu: akitumia lita 10 kwa dakika, saa moja humaliza lita 600.

3. Kiasi gani?

Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21. Mashine huweza kutoa hadi asilimia 100. Mwanzoni mgonjwa hupewa nyingi, mpaka oksijeni ya damu yake ipimwe kwa uhakika. Asipunguziwe mapema: huko Australia, utafiti uliotangazwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba waliopunguziwa kabla ya kufika hospitali walipona wachache zaidi.

Kipimo kikishapatikana, hupunguzwa taratibu. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2021 unataka damu ibaki kwenye asilimia 94 hadi 98. Ikizidi mno, huweza kuumiza mapafu na ubongo uliokwisha kuumia. Huko Denmark, mwaka 2022, wagonjwa 789 waliokuwa katika vyumba vya mahututi waligawiwa viwango viwili, cha chini na cha juu, matokeo hayakutofautiana. Maana yake, mgonjwa aliyekwisha kutulia hafaidiki kwa kumalizia mtungi ambao mwingine anausubiri.

4. Tahadhari mbili

Kipimo cha kidoleni huweza kuonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo kwa mtu mwenye ngozi nyeusi. Kwa hiyo wauguzi wasiridhike na namba ya chini kabisa. Damu yenyewe ipimwe inapowezekana. Pili, oksijeni hukuza moto: sigara, mafuta na grisi vikae mbali na mtungi. Wala mtungi wa karakana usipelekewe mgonjwa.

Maswali ya kujadili tawini

(a) Katika kila zamu, nani anajua kukandamiza kifua?
(b) Kituo cha afya cha karibu kina oksijeni? Umeme ukikatika, je?
(c) Gari la kubebea mgonjwa lina mtungi wa kutosha safari nzima?

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliandika oksijeni katika orodha ya dawa muhimu za kutibu upungufu wa oksijeni mwilini. Basi tuidai kama tunavyodai dawa nyingine.