SOMO: KUTIA SAHIHI KWENYE HATI BILA KUICHAPA



Tuseme umeomba nafasi ya mafunzo au ya kazi Kampala. Jibu limekuja kwa simu: umekubaliwa, nayo fomu imeambatanishwa. Unatakiwa uitie sahihi na kuirudisha kabla ya Ijumaa. Wewe uko Nakivale, Kyangwali au Rwamwanja. Kuipeleka kwa mkono ni nauli ya basi, chakula na mahali pa kulala. Kuichapa nako kuna gharama, na siku umeme ukikatika duka la kuchapia halifanyi kazi. Watu wamekosa nafasi nzuri kwa sababu ya karatasi moja tu.

Ipo njia nyingine. Hati inaweza kutiwa sahihi ndani ya simu na kurudishwa bila kugusa karatasi. Somo hili linaeleza jinsi ya kufanya hivyo, na pia jinsi ya kujilinda.

1. JE, SHERIA INAKUBALI?

Ndiyo. Uganda ina Sheria ya Sahihi za Elektroniki ya mwaka 2011. Mwaka huohuo ilipatikana pia Sheria ya Miamala ya Elektroniki, inayosema kwamba maneno hayawezi kukataliwa kwa sababu tu yako katika umbo la elektroniki. Kwa hiyo ukikubali mkataba kwa simu, umeukubali kweli. Usidhani kwamba ni mchezo kwa kuwa hapakuwa na wino.

Hata hivyo, si kila hati inafaa kwa njia hii. Wosia unahitaji mashahidi wawili. Hati ya kiapo huapwa mbele ya kamishna wa viapo. Mambo ya ardhi yana taratibu zake za kuandikishwa. Barua ya mwenyekiti wa LC1 au wa RWC hutazamwa muhuri wake. Kwa mambo hayo tumia wino na karatasi, au muulize mwanasheria kwanza.

2. AINA TATU ZA SAHIHI

(a) Sahihi ya kuchora. Unaichora kwa kidole juu ya kioo cha simu, au unaipiga picha na kuibandika kwenye hati. Ni rahisi, lakini hata mwizi anaweza kuinakili.

(b) Sahihi ya kubofya. Ofisi inakutumia kiungo kwa barua pepe. Unasoma, unaandika jina lako au unabofya neno la kukubali. Mtambo wao huandika siku na saa uliyofanya hivyo.

(c) Sahihi ya funguo. Hii ndiyo yenye nguvu zaidi. Programu huchukua maneno yote ya hati na kuyapigia hesabu hadi ipate namba moja ndefu. Namba hiyo hufungwa kwa ufunguo wa siri ulio kwako peke yako. Anayeipokea huihakiki kwa ufunguo wako wa hadharani. Mtu akibadilisha hata tarakimu moja, kwa mfano akigeuza 100,000 kuwa 10,000, hesabu haitalingana tena na udanganyifu utaonekana. Sheria ya 2011 inaipa sahihi ya namna hii nafasi ya pekee, kwa kuwa inamtambulisha mwenyewe na kuonyesha kama hati imeguswa baadaye.

Fomu nyingi utakazoletewa zitataka aina ya kwanza au ya pili.

Usichanganye sahihi na alama za vidole. Mwaka 2018, serikali na UNHCR walipohakiki wakimbizi Uganda nzima, watu walichukuliwa alama za vidole na picha za mboni za macho. Hayo yanaonyesha wewe ni nani. Sahihi inaonyesha umekubali nini.

3. HATUA ZA KUFUATA

Kwanza, uliza ofisi: "Je, mnapokea hati iliyotiwa sahihi kwa simu?" Pata jibu kwa maandishi na ulihifadhi.

Pili, soma hati yote, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Kama ni ya Kiingereza na hukielewi, tafuta mtu unayemwamini akusomee. Uganda ina sheria ya kuwalinda wasiojua kusoma: anayemwandikia mtu wa namna hiyo hati lazima aandike jina lake mwenyewe na anwani yake, na awe amemsomea na kumweleza yaliyomo.

Tatu, fungua faili kwa programu ya kujazia hati za PDF. Adobe Acrobat Reader hupatikana bila malipo. Gusa alama ya kalamu, chagua sehemu ya kujaza na kutia sahihi, chora sahihi yako kwa kidole, kisha iweke mahali pake. Andika na tarehe.

Nne, hifadhi hati kwa jina jipya. Ifungue tena na uhakikishe kila kitu kimo.

Tano, irudishe kwa anwani ileile uliyoijua tangu mwanzo. Baki na nakala yako. Siku ya ubishi, nakala hiyo ndiyo shahidi wako.

4. JILINDE

- Usitie sahihi kwenye fomu yenye nafasi tupu. Mwingine atazijaza apendavyo.

- Usimtumie mtu yeyote picha ya sahihi yako peke yake. Anaweza kuibandika kwenye deni usilolijua.

- Ukitumia simu ya rafiki au kompyuta ya duka la intaneti, kumbuka kwamba programu huhifadhi sahihi yako. Ifute sahihi, futa na faili, kisha toka kwenye barua pepe yako. Mwenye duka asikufanyie ukiwa umeenda kunywa chai.

- Usimpe mtu neno lako la siri wala namba za kuthibitisha zinazoingia kwa ujumbe wa simu.

- Akija mtu na kiungo akisema, "Tia sahihi hapa na ulipe kidogo, utapelekwa Marekani au Kanada," mkatae. Huduma za UNHCR na za mashirika yanayoshirikiana nayo hazilipiwi. Toa taarifa kwenye ofisi ya ulinzi iliyo karibu nawe.

- Una haki ya kuuliza kwa nini habari zako zinachukuliwa na nani atazisoma. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Taarifa na Faragha ya mwaka 2019 inakulinda hata wewe mkimbizi.

5. MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini sahihi ya kuchora peke yake ni dhaifu kuliko sahihi ya funguo?

2. Taja hati mbili ambazo ni afadhali kuzitia sahihi kwa wino.

3. Jirani yako hajui kusoma naye ameletewa mkataba kwa simu. Utamsaidiaje bila kukubali kwa niaba yake?

Msomee somo hili na mwenzako asiyejua kusoma. Sahihi ni neno lako. Iwe kwa wino au kwa kidole, usilitoe kabla ya kujua unachokikubali.