Kabla Hujalipia Nyumba, Panda Darini

Dar es Salaam nyumba ya kuuzwa hupakwa rangi kwanza, dalali hupigiwa simu baadaye. Haya ndiyo ya kutazama nyuma ya rangi.

1. Nenda na fundi wako. Yule "kijana wetu mwaminifu" wa dalali mwache hukohuko. Wako mlipe ya siku yake, ununue usinunue.

2. Ukiweza, subiri masika. Kiangazi, kiwanja cha bonde la Msimbazi hukauka ukadhani hakijawahi kuona maji. Huwezi kungoja Machi hadi Mei? Tazama kuta za majirani: zina mstari wa tope? Wameinua vizingiti vya milango? Kisha muulize mama wa vitumbua pale kona. Hana nyumba ya kuuza.

3. Nyufa hazilingani. Za plasta, nyembamba kama unywele, zisikunyime usingizi. Unaoanzia kona ya dirisha ukashuka mshazari, au unaofuata viungo vya matofali ngazi kwa ngazi, ni habari ya msingi kutitia. Toka nje uone kama umepenya upande wa pili.

4. Inama. Plasta inayopukutika chini ya ukuta na kuacha unga mweupe ni chumvi, imepandishwa na unyevu wa ardhini au ilikuja na mchanga wa baharini. Rangi ikiwa mpya sehemu hiyo tu, jibu umeshalipata. Karibu na bahari, angalia pia bimu na zege la juu: likibanduka na nondo zikaonekana zina kutu, hapo pana gharama kubwa kuliko bati lote.

5. Panda darini na tochi. Wanunuzi wengi hawapandi, na wauzaji wanalijua hilo. Zima tochi kidogo: vitone vya mwanga ni matundu ya bati. Iwashe, tafuta vijia vya udongo vya mchwa kwenye kenchi, kisha choma mbao kwa bisibisi. Ikizama bila nguvu, mbao imebaki ganda.

6. Fungua mabomba yote kwa pamoja, mwenzako avute maji chooni. Karo lililojaa halijifichi.

7. Nunua umeme wa shilingi chache kwenye mita ya nyumba hiyo. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, kwa hiyo risiti itakuonyesha kilichokatwa. Fundi naye akuonyeshe waya wa ethi unaishia wapi.

8. Nyumba ya ufukweni au kando ya mto? Beba futi kamba. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60. Kwangua rangi kidogo ukutani, pengine chini yake kuna X nyekundu ya kubomolewa.

Fundi akuandikie kila kasoro na bei ya kuirekebisha. Karatasi hiyo iweke mezani kabla mwenye nyumba hajataja bei ya mwisho.