Kesha ya Nyumbani

Maandiko ya kusoma: Mwanzo 25:21–22, 2 Wafalme 20:1–7, Mathayo 1:18–25 na 2:13–15, 1 Petro 3:7

Somo la wiki hii ni la familia, na nitaanza na ushuhuda ambao haunisifu.

Mama watoto alipokuwa na mimba ya mtoto wetu wa pili, nyumba ilibadilika. Hakutaka harufu ya sabuni yangu. Chakula alichopika mwenyewe kilimshinda. Nikimgusa, anautoa mkono wangu. Badala ya kuuliza, mimi nikahesabu makosa. Nikahamia kochi la sebuleni, na kila jioni nikapata mkutano wa kuhudhuria kanisani. Watu walisema, "Huyu ndugu amejitoa." Kumbe nilikuwa nimetoroka.

Mimba ikiwa ya miezi saba na nusu, akaniambia kichwa kinamuuma siku ya pili sasa na pete imekataa kuingia kidoleni. Nikamjibu, "Omba, hayo ni majaribu." Ijumaa hiyo nilikuwa na zamu ya kuongoza kesha. Nikazima simu, nikasimama madhabahuni, nikaombea ndoa za watu. Saa saba usiku dada mmoja wa kwaya, ambaye ni nesi, akanivuta koti: "Ndugu, mama amenipigia mimi. Anasema macho yanaona giza. Twende sasa hivi."

Hospitalini presha ilikuwa 170 kwa 110, na mkojo ulikuwa na protini. Wakamdunga dawa ya kuzuia degedege, na asubuhi mtoto akatolewa kwa upasuaji akiwa na kilo 1.7. Daktari aliniuliza swali moja tu: "Dalili zilianza lini?" Jibu nililijua, lakini lilinikwama kooni. Mungu aliwahifadhi wote wawili. Siku zile za kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, ndipo nilipoyasoma upya maandiko haya.

1. Isaka aliomba mimba. Na baadaye?
Isaka alimwomba Bwana kwa ajili ya mkewe, naye Rebeka akapata mimba. Lakini mapacha walipoanza kusukumana tumboni, aliyekwenda kumwuliza Bwana anatajwa kuwa Rebeka mwenyewe. Isaka hatajwi hapo. Sisi wanaume tunajua kufunga na kuomba tupate mtoto. Mimba ikiingia, tunamwachia mama mzigo na maswali yake. Petro anaonya kwamba mume asiyekaa na mkewe kwa akili na heshima, maombi yake yanazuiliwa. Ndugu, mimi niliongoza kesha nzima nikiwa katika hali hiyo.

2. Imani haigombani na kliniki
Hezekia aliomba kwa machozi, na Mungu akamwongezea miaka 15. Hata hivyo Isaya aliagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu lake. Ahadi ilikuwepo, na dawa ikatumika. Kumpeleka mama hospitali si kukosa imani.

Presha ya mimba kwa kawaida huanza baada ya wiki 20, na mama anaweza kuwa nayo bila kuhisi lolote. Ndiyo maana kila kliniki wanapima presha na mkojo. Vipimo vikifika 140 kwa 90, lazima daktari amwone. Dalili za kukimbia nazo hospitali ni hizi: kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au giza, maumivu ya juu ya tumbo, uso na mikono kuvimba ghafla, kutokwa na damu, degedege, au mtoto kupunguza kucheza. Hatari ya presha inaweza kuendelea hata wiki sita baada ya kujifungua.

3. Yusufu aliamka usiku
Yusufu naye alifikiria kumwacha Mariamu kimyakimya. Alikuwa na maswali kuhusu ile mimba kuliko mimi na sabuni yangu. Lakini alisikia, akamchukua mkewe. Baadaye, alipoonywa juu ya Herode, aliamka usiku uleule akamchukua mtoto na mama yake, wakaenda Misri. Hakungoja kupambazuke. Hiyo nayo ni kesha, na ndiyo Mungu aliyoitumia kumlinda Mwokozi.

Ya kufanya wiki hii
- Mume, soma kijitabu cha kliniki cha mkeo. Ujue tarehe inayofuata, na mwende pamoja.
- Wekeni akiba ya usafiri, na namba ya dereva atakayeamka usiku.
- Mama, hasira na machozi yakizidi siku nyingi, mwambie nesi. Si dhambi, wala si aibu.
- Dada ambaye mume hayuko au amekuacha, usikae peke yako. Mariamu alikaa kwa Elisabeti kama miezi mitatu. Akina mama wa kanisa, tuwe Elisabeti.

Maswali ya vikundi
1. Ni huduma gani ninayoitumia kukimbia nyumba yangu?
2. Mara ya mwisho mke wangu aliposema anaumwa, nilimjibu nini?

Ombi
Baba, utusamehe tulioacha walio wetu ili tuonekane watakatifu. Walinde akina mama wajawazito wa kanisa hili. Tufundishe kusikia mara ya kwanza. Katika jina la Yesu, amina.